Trolibasi za Solingen, Ujerumani: uzoefu wangu kama abiria, kutoka nyaya hadi betri

Nianze na hukumu, maana wengi husoma mistari ya mwanzo tu. Kwa mji wa vilima wenye wakazi wapatao 160,000, trolibasi za Solingen ndizo usafiri wa barabarani ninaoupenda kuliko wote niliowahi kuutumia. Nazipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea kwenye nyaya, na nitaeleza ni wapi hasa.

Solingen iko magharibi mwa Ujerumani, katikati ya Düsseldorf, Köln na Wuppertal. Wengi huishi hapo na kwenda kufanya kazi katika miji hiyo mikubwa. Nje ya Ujerumani mji unajulikana kwa visu na mikasi, lakini mwenye kupenda mambo ya usafiri anaujua kwa sababu nyingine: Ujerumani imebakiwa na miji mitatu tu yenye mtandao wa kudumu wa trolibasi, yaani Solingen, Esslingen na Eberswalde, na wa Solingen ndio mkubwa kuliko yote.

Kwa ambaye hajawahi kuipanda: trolibasi ni basi la magurudumu ya mpira linaloendeshwa na mota ya umeme. Juu ya paa kuna mikono miwili yenye urefu wa kama mita sita kila mmoja, inayosukumwa na springi kwenda juu kugusa nyaya mbili zilizotandazwa juu ya barabara. Treni au tramu hutosheka na waya mmoja kwa sababu umeme hurudi kupitia reli. Basi halina reli, hivyo waya mmoja huleta umeme na wa pili huurudisha. Ni umeme wa mkondo mnyoofu, takriban volti 600, unaotoka kwenye vituo vya kupoza umeme vilivyotawanywa mjini.

Ukitoka Düsseldorf, treni ya S1 inakufikisha Solingen Hauptbahnhof. Jihadhari na kitu kimoja kinachowachanganya wageni: stesheni hiyo kuu haiko katikati ya mji. Iko mtaa wa Ohligs, upande wa magharibi, na hadi mwaka 2006 iliitwa Solingen-Ohligs. Solingen ya leo ilizaliwa mwaka 1929 kwa kuunganisha miji mitano, Solingen yenyewe, Gräfrath, Wald, Ohligs na Höhscheid, kwa hiyo ina vitovu vingi, na mabasi ndiyo yanayovishona pamoja. Kitovu cha mabasi ni Graf-Wilhelm-Platz. Karibu kila laini ya trolibasi inapita hapo, na ukikosea basi popote, rudi Graf-Wilhelm-Platz uanze upya.

Tiketi si tatizo. Mji uko ndani ya muungano wa nauli wa VRR, hivyo tiketi moja inakubalika kwenye treni, tramu na basi. Mkazi wa kudumu atafaidika zaidi na Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Hiyo unaipandia nchi nzima isipokuwa treni za masafa marefu. Kama unatumia tiketi ya karatasi, angalia kama imeshapigwa muhuri wa saa ulipoinunua. Kama bado, ipige kwenye kimashine kilicho ndani ya basi kabla hujakaa. Wakaguzi hawasikilizi maelezo.

Sasa safari yenyewe. Sehemu ya juu kabisa ya mji iko kama mita 276 juu ya usawa wa bahari na ya chini kama 53. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini trolibasi imedumu hapa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuvuta tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Dereva anakanyaga eksileta, basi refu lililojaa linaondoka mlimani bila kubadili gia na bila kutikisika. Basi la dizeli kwenye kilima hichohicho linaunguruma, linasita kidogo kati ya gia na gia, na aliyesimama anashika bomba kwa mikono miwili. Mzee mwenye fimbo au mama mwenye kigari cha mtoto anaipata tofauti hii mwilini, hahitaji kuelezwa.

Kushuka kuna uzuri wake pia. Dereva akikanyaga breki, mota inageuka jenereta. Umeme unaozalishwa unarudi kwenye nyaya na kutumiwa na basi lingine linalopanda katika kipande hichohicho cha mtandao. Kama hakuna basi la kuupokea, na gari halina betri, umeme huo huchomwa kuwa joto kwenye vizuizi vya umeme vilivyo juu ya paa, na hapo ni hasara. Breki za kawaida hubaki kwa ajili ya kusimama kabisa na dharura, ndiyo maana huchakaa taratibu.

Baridi ndiyo kipimo ambacho mabasi mengi ya betri huhangaika nacho. Kupasha joto chumba chenye urefu wa mita 18, milango ikifunguka kila kituo, hula umeme mwingi mno. Siku za barafu kali sehemu kubwa ya umeme inaweza kuishia kwenye hita. Trolibasi iliyo chini ya waya haina wasiwasi huo, maana inakula moja kwa moja kutoka gridi. Mabasi ya hapa hukaa na joto hata Januari asubuhi, na safari haifupishwi kwa sababu ya chaji.

Kama utapanda laini moja tu, iwe 683. Inaanzia Vohwinkel, ambayo ni sehemu ya Wuppertal, chini ya ile reli maarufu ya treni inayoning'inia iliyofunguliwa mwaka 1901. Inapita Gräfrath, Central, Graf-Wilhelm-Platz na Krahenhöhe, kisha inateremka kwa kona kali msituni hadi Burg kwenye bonde la mto Wupper. Kaa nyuma kabisa ikiwezekana: kwenye kona unaona jinsi sehemu ya nyuma ya basi inavyoifuata ya mbele, na unasikia mlio mfupi juu ya paa kila mikono inapopita kwenye kiungio cha nyaya.

Mlio huo ndio mwanzo wa kueleza nyota niliyoinyima. Mikono ya basi haijafungwa kwenye waya. Imeegemea tu kwa chini. Kwenye ncha ya kila mkono kuna kiatu cha chuma chenye mfereji, na ndani ya mfereji kuna kipande cha kaboni kinachoteleza kwenye waya. Kaboni ni laini kwa makusudi, ili ichakae yenyewe badala ya waya, kwani kubadili kipande cha kaboni ni kazi ya dakika chache na kubadili waya ni kufunga barabara. Siku za ukavu kaboni hudumu. Siku za mvua huliwa haraka, na asubuhi ya barafu inaweza kuisha kwa muda mfupi sana, kwa sababu barafu huiondoa kaboni kwenye waya kwa kitambo, cheche za buluu na kijani zinaruka, na kila cheche inaunguza kidogo. Ukiona mwanga unawaka juu ya basi alfajiri ya Januari, usiogope. Hilo ni basi la kwanza linasafisha njia kwa ajili ya mengine.

Mahali pabaya zaidi ni njia panda. Nyaya za laini mbili zinapokutana au kuachana, panahitajika swichi za juu za kuelekeza mikono na vipande visivyopitisha umeme, la sivyo waya wa kuleta ungegusana na wa kurudisha. Dereva mzuri hufanya mambo mawili hapo: hupunguza mwendo, na huachia eksileta sekunde ile mikono inapopita kwenye kipande kisicho na umeme. Akipita huku amekanyaga, cheche hutokea na kuunguza kiungio. Akipita kasi, kiatu kinaruka. Kinaporuka, springi ileile iliyokuwa ikisukuma mkono juu inaufanya upige hewani kwa nguvu, na ukigonga waya wa kushikilia unaweza kuukata. Mabasi ya sasa yana kifaa kinachohisi mkono umepanda ghafla na kuushusha mara moja, na hilo limepunguza sana uharibifu.

Mkono ukitoka kwenye basi lisilo na betri ya kujiendesha, abiria utaona hivi: basi linapoteza nguvu, feni ya hewa inanyamaza, taa zinabaki kwa sababu zina betri yake ndogo. Milango inafanya kazi. Kaa ndani. Dereva atavaa fulana ya kung'aa, atazunguka nyuma, atashika kamba na kuuongoza mkono hadi kiatu kikae kwenye waya. Kwa aliyezoea ni dakika mbili hivi. Usishuke kwenda kupiga picha nyuma ya basi, kwa sababu magari yanayofuata hayakutegemei hapo.

Kingine cha kujua ni mipaka ya mikono hiyo. Basi linaweza kwenda pembeni ya nyaya kwa takriban mita nne kila upande, hivyo gari la mizigo lililoegeshwa vibaya halilizuii. Lakini mtaro uliochimbwa kukatiza barabara, moto au ajali vinalizuia kabisa kama halina njia nyingine ya kujiendesha. Na mabasi mawili yanayotumia nyaya hizohizo hayawezi kupitana mpaka moja lishushe mikono.

Watu huuliza kama mvua ni hatari. Reli huiunganisha tramu na ardhi. Matairi ya mpira huitenga trolibasi nayo. Umeme ukivuja kwenye bodi, bodi nzima inaweza kubaki na chaji, na wa kwanza kuigusa ni abiria mwenye mguu mmoja chini na mwingine ngazini. Kwa sababu hiyo vifaa vyote vya umeme mkubwa hutengwa na bodi kwa tabaka mbili, na kifaa cha kupima uvujaji hukaa macho muda wote na kukata umeme kikiona dalili. Ninapanda kwenye mvua bila kusita.

Trolibasi ya kwanza hapa ilianza kazi tarehe 19 Juni 1952. Tramu za zamani zilikuwa zimechoka, reli zilihitaji kutandikwa upya kwenye barabara nyembamba, na mji tayari ulikuwa na vituo vya kupoza umeme na nguzo za tramu. Kuvitumia vilivyokuwepo kulikuwa na maana zaidi kuliko kununua dizeli. Kufikia Novemba 1959 tramu ya mwisho ilikuwa imeondoka. Miji mingine ilifanya hivyohivyo kisha ikang'oa nyaya: Wuppertal jirani mwaka 1972, Kaiserslautern 1985, Potsdam 1995. Solingen haikung'oa, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika historia ya usafiri wa mji huu.

Mwaka huohuo wa 1959 kulijengwa kitu cha ajabu huko Burg. Pale Unterburg, kati ya nyumba, mto na kilima, basi halikuwa na nafasi ya kugeuka. Suluhisho likawa sahani kubwa ya kuzungushia: basi linapanda juu yake, sahani inazunguka, basi linatoka likiwa limeelekea lilikotoka. Bei ya suluhisho hilo ililipwa kwa nusu karne. Basi refu lenye kiungio halienei kwenye sahani, kwa hiyo laini ya 683, iliyo na abiria wengi, ililazimika kutumia mabasi mafupi tu. Wahandisi wa hapa walibuni basi lao wenyewe la ekseli tatu, aina ya TS, lililotumika kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Mengi ya mabasi hayo yaliuzwa baadaye Mendoza, Argentina, yakaendelea na kazi huko. Novemba 2009 laini ilivuka hadi Burger Bahnhof, ambako pana nafasi ya kugeukia, na mabasi marefu yakaanza kwenda hadi mwisho. Sahani bado ipo, hutumiwa na mabasi ya makumbusho.

Kwa miaka mingi jibu la tatizo la mtaro barabarani lilikuwa injini ndogo ya dizeli nyuma ya trolibasi. Ilitosha kulitoa basi kwenye kizuizi kwa mwendo wa pole, lakini si kufanya laini ya kawaida, hasa mlimani. Ndipo Solingen ikaingia kwenye mradi unaoitwa BOB, kifupi cha Kijerumani cha basi la betri na waya. Magari ni Solaris Trollino ya urefu wa mita 18.75, mitambo yake ya umeme imetoka kampuni ya Kiepe ya Düsseldorf, na Chuo Kikuu cha Wuppertal kilihusika katika utafiti. Dizeli imeondolewa, na mahali pake pamewekwa betri inayotosha kuendesha laini halisi.

Laini ya kwanza ilikuwa 695, mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikuwa ya dizeli, ingawa katikati yake ilikuwa inapita chini ya nyaya za laini nyingine. Sasa basi linatembea kwa betri kwenye ncha zisizo na nyaya, likifika penye nyaya linapandisha mikono, na hapo linafanya kazi mbili kwa pamoja: linakwenda na linajichaji. Halisimami kituoni kusubiri chaji. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Basi la betri tupu lazima libebe chaji ya siku nzima, au lisimame likichajiwa huku basi la ziada na dereva wa ziada vikishika zamu yake. Linalojichaji njiani linatosheka na betri ndogo, na uzito unaookolewa unakuwa nafasi ya abiria.

Kupandisha mikono kumerahisishwa vizuri. Kwenye vituo maalumu, juu ya nyaya kumefungwa vifuniko viwili vya umbo la V iliyopinduliwa. Dereva anasimama sawa na alama, anabonyeza kitufe, mikono inapanda, inagonga vifuniko na kuteleza yenyewe hadi kwenye waya. Abiria wanapomaliza kupanda, kazi nayo imekwisha. Akisimama nje ya alama hata kidogo, mkono unakosa kifuniko na lazima ashuke kuutengeneza kwa kamba, na ratiba inaanza kuyumba hapo. Kushusha mikono ni rahisi zaidi. Hufanyika popote kwa kitufe.

Faida nyingine ya betri haionekani kwa abiria: ule umeme wa breki usiokuwa na mpokeaji sasa unaingia kwenye betri ya basi lenyewe. Mradi pia ulilenga kuufanya mtandao wa nyaya upokee umeme wa jua na kuurudisha wa ziada kwenye gridi ya mji, jambo ambalo vituo vya zamani vya kupoza umeme havikuweza, kwani vilijengwa kupeleka umeme upande mmoja tu.

Mambo madogo ya kumsaidia mgeni. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto viingie mlango wa pili, ambako kuna ubao wa kukunjua na nafasi wazi. Bonyeza kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu mapema, si kile cha kawaida, ili dereva ajue kushusha upande wa basi na kuacha milango wazi. Jioni na Jumapili mabasi hupungua sana; angalia saa ya basi la mwisho kabla ya kuteremka Burg, kwa sababu kupanda kile kilima kwa miguu usiku si mzaha. Na kwa waendesha baiskeli na wanaovuka barabara: basi hili halisikiki likija. Geuza kichwa, usitegemee masikio.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza kama hii inatuhusu. Barani Afrika, mji wa Marrakesh nchini Morocco ulishaanza mwaka 2017, ikiwa na mabasi yanayotumia waya kipande kimoja cha njia na betri kipande kingine. Njia kama ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni, Dar es Salaam, ina kile ambacho nyaya zinakipenda: barabara yake yenyewe, vituo visivyohama, mabasi yanayofuatana siku nzima. Nyaya hazilipi kwenye njia yenye basi moja kila nusu saa. Zinalipa pale mabasi mengi yanapogawana waya mmoja. Huhitaji kutandika njia nzima. Theluthi au nusu, ikiwekwa penye mabasi mengi na penye mlima, yaweza kutosha, mradi njia panda za nyaya ziwe chache, kwa sababu ndizo zinazoharibika.

Swali gumu ni umeme ukikatika. Mtandao wa Solingen unalishwa na vituo kadhaa vya kupoza umeme, kila kipande cha waya kimetengwa na kingine, hivyo hitilafu moja haizimi mji, na basi la betri linaweza kujitoa hadi kipande kinachofuata. Anayetaka kuleta mfumo huu kwetu aanze kwa kuuliza habari za vituo hivyo, vitapewa laini ngapi za kuingiza umeme na nani atazihudumia usiku, kabla hajauliza bei ya mabasi. Kisha aulize wapo mafundi wangapi wa nyaya na kama wana gari la kunyanyua lenye jukwaa lililotengwa na umeme. Solingen kazi ya nyaya ni ya kila siku, na mabasi yanafika kwa wakati kwa sababu inafanywa.